Ruhusa ya Mama Mkwe

6 Februari

Mama,

Shikamoo. Naamini umeamka salama na goti limepunguza ubishi. Mimi nipo, mzima kiasi cha kutosha. Mguu wangu wenye chuma siku hizi unatabiri mvua kabla ya redio, kwa hiyo angalau umepata kazi ya kufanya.

Boksi la sabuni linakuja na basi la Jumatano kama kawaida. Mjomba mpe miche yake miwili, na umwambie ni ya kuogea, asije akaiuza tena kwa jirani. Jumapili nilikwenda kaburini kwa mwenzangu, nikang'oa majani, nikakaa kidogo. Mwezi ujao atatimiza miaka mitatu tangu atutoke. Nikikaa pale sijui niseme nini, basi humweleza habari za karakana: nani kaja, nani kachelewa, sabuni ipi imegoma kuganda.

Sasa nikuchekeshe. Ile kampuni ya hoteli, yenye jengo la vioo hapa mjini, waliniandikia wanataka sabuni yetu kwenye hoteli zao zote, na mzigo wa kwanza uwafikie baada ya wiki mbili. Nikawajibu kwamba sabuni yetu hulala rafuni wiki sita kabla haijagusa ngozi ya mtu, kwa hiyo hapana, asanteni. Nikadhani yamekwisha. Juzi likaja gari refu jeusi, akashuka Mkurugenzi wao mwenyewe. Ni mwanamke, Mama, wa rika langu. Akavuka lile dimbwi la mlangoni na visigino vyake bila kuangalia chini, akauliza, "Ni nani hapa anayekataa kazi yetu?"

Nikamwambia sabuni changa inauma. Akasema hajaelewa. Nikampa kipande cha siku mbili, nikamwambia aguse kwa ncha ya ulimi, kama ulivyomfundisha mwenzangu, naye akanifundisha mimi. Akagusa, mbele ya dereva wake, na machozi yakamtoka papo hapo. Kisha nikampa ya wiki sita. Nilidhani atakataa. Akatoa ulimi tena, akasema, "Basi tutasubiri."

Wafanyakazi wamekwishampa jina: Bi Saini. Eti kule kwao hata balbu haibadilishwi bila saini yake.

Mkweo

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaendelea na ubishi wake, na mimi naendelea na wangu, tutaona nani atachoka mwanzo. Sabuni zimefika. Mjomba ameoga, na nyumba nzima imeshukuru. Macho yake hayaendi mbele wala nyuma. Magazeti namsomea mimi, kisha ananiuliza nimesoma nini.

Umenieleza kaburi, hukunieleza unakula nini. Mwanamume anayepika sabuni kutwa anarudi nyumbani hana hamu ya jiko lingine, najua. Lakini ule, tafadhali. Siku yake ikifika sitaweza kuja, safari ni ndefu. Nitamwombea hapa hapa. Gauni lake la kijani bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Wiki iliyopita Mjomba alileta mtu wa kupaka rangi, akataka alitoe. Nikamwambia apake, rangi izunguke gauni. Amepaka hivyo hivyo.

Huyo Bi Saini wako nimempenda. Mtu aliyeungua ulimi akautoa mara ya pili si mtu wa mchezo. Mjomba anauliza kama ana mume. Nimemwambia atulie na umri wake.

Mamako

30 Aprili

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kimya hiki. Kazi imetushika shingoni. Mzigo wa kwanza wa hoteli umekwenda, wa pili uko rafuni. Tumeongeza masufuria mawili, na Mpishi wetu, yule mzee anayesimamia moto, amepata msaidizi wa kumgombeza, kwa hiyo ana furaha.

Siku ya mwenzangu niliipitisha salama.

Nilikwenda mara tatu kwenye lile jengo la vioo kwa mikutano. Unajua tangu ajali siingii ndani ya gari. Nilitembea. Mara ya kwanza nilifika jasho linanitoka, nimebeba sampuli mgongoni, mlinzi akaniambia mlango wa mizigo uko nyuma. Mkurugenzi aliona kutoka juu. Mkutano ulipokwisha akataka dereva anirudishe. Nikakataa. Akaniuliza sababu, nikamweleza: mke wangu alikuwa akiendesha, mimi nilikuwa kando yake, lori likaja. Hakusema pole. Alivua viatu vyake, akavishika mkononi, akanisindikiza kwa miguu mpaka karakana, gari lake likitufuata nyuma taratibu kama ng'ombe aliyesahauliwa. Alisema anataka kuona njia inayopitishwa mzigo.

Sabuni za safari hii hazikunyooka sana. Usijali, ni za nyumbani, nimeona zisipotee bure.

Mkweo

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tumepata mvua, paa limevuja pale pale, na Mjomba ameweka beseni pale pale. Kuku wawili wameangua.

Nimepokea boksi. Mimi nilianza kukata sabuni kabla mama yako hajakuzaa, kwa hiyo usinifanye mgeni. Mkataji wa mkono wa kulia akivuta waya, mche hulalia upande mmoja. Wa kushoto, hulalia upande wa pili. Wewe ni wa kulia. Mpishi ni wa kulia. Mwanangu alikuwa wa kulia, nilimshika mkono mwenyewe. Miche minne katika boksi hili imekatwa na mtu wa mkono wa kushoto, tena mtu anayevuta waya kwa hasira, halafu anakumbuka na kupunguza.

Na tena umeniandikia kwamba siku yake uliipitisha salama. Mwaka jana siku hiyo uliniandikia kurasa tatu, na herufi zilikuwa zimelowa. Nimefurahi kwamba hukulia. Nasema nimefurahi.

Nani huyo wa mkono wa kushoto?

Mamako

2 Julai

Mama,

Shikamoo. Wote hapa hatujambo. Nimeona fundi wa mabati mwaminifu, anakuja kwenu mwezi huu kwa shughuli zake, nimemwelekeza apite aangalie paa. Usimbishie.

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Huyo wa mkono wa kushoto ni Mkurugenzi. Huja Jumamosi. Mara ya kwanza alisema anakagua. Mara ya pili alichukua aproni iliyoning'inia, akaomba waya. Tulimcheka. Mtu mwenye watu mia kadhaa chini yake, na mche haukati ukanyooka. Nadhani hicho ndicho anachokifuata, kwamba akiingia karakana hakuna anayesimama. Mpishi humwambia, "Sogea, mama, unaziba moto," naye husogea. Aliwahi kuolewa, ndoa ikavunjika, hana mtoto. Haya alinieleza kidogo kidogo, Jumamosi hii sentensi moja, Jumamosi ile nyingine.

Siku ya mwenzangu alikuja. Sikumwita. Alinikuta naenda kaburini, akaniuliza kama anaweza kuja. Alisimama mbali, kwenye ukuta, mpaka nilipomaliza kuzungumza. Ndiyo maana sikulia. Mtu alikuwa akinisubiri.

Mama, nampenda. Nimeandika, na sitafuta. Lakini wewe ndiye uliyenipa mke wangu kwa mkono wako, ukaniambia sasa nina mama. Siwezi kumtamkia mtu mwingine neno la ndoa kabla sijasikia kwako. Nimemweleza hivyo. Akasema, "Sawa," akaendelea kukata. Naomba ruhusa yako. Ukisema hapana nitaelewa, na boksi litaendelea kuja, na mimi nitaendelea kuwa mwanao.

Mkweo

19 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunaendelea. Fundi wa mabati amekuja, kijana mpole, amekula sahani mbili. Paa sasa halivuji, na Mjomba ameachwa na beseni lake hajui alipeleke wapi. Daktari amesema jicho la kulia linaweza kusafishwa, la kushoto wamechelewa. Vifaranga walikuwa saba, mwewe amekula wawili. Jirani ameoza binti yake, kelele siku tatu. Bei ya mafuta ya taa imepanda, na mkaa umefuata.

Sabuni zimefika.

Mamako

3 Septemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika. Nimefurahi kwa habari za paa, na nimesikitika kwa jicho la Mjomba. Mwambie nampa pole.

Nilipomaliza kusoma niligeuza karatasi nyuma, nikatazama ndani ya bahasha, nikidhani kuna ukurasa umebaki. Hakuna ubaya. Sitaki kukuharakisha. Jambo kama hili mtu hulitafuna taratibu, na mimi ndiye niliyesema nitangoja.

Kazi inaendelea. Mkurugenzi amekuja Jumamosi zote isipokuwa moja. Anafika, anafunga aproni, anachukua waya. Tunakata tu.

Mkweo

28 Oktoba

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Mjomba ameondolewa utando kwenye jicho, anaona, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nimezeeka.

Ile barua ya Agosti niliandika habari za kuku kwa sababu kuku hawaniumizi. Yako ya Julai niliisoma nikaiweka chini ya mto, nikakukasirikia wiki nzima. Kisha nikamkasirikia yeye, mtu ambaye sijamwona. Kisha nikajikuta namkasirikia mwanangu kwa kufa, na hapo nikaogopa.

Nilichokiogopa ni hiki. Mimi na wewe ndio wawili tu tuliobaki tunaojua alivyokuwa akicheka, anaanza kabla hata hajamaliza kusimulia, mpaka kisa chenyewe kinapotea. Nikaona ukioa utakuwa mkwe wa mtu mwingine, na mimi nitakuwa kikongwe fulani anayetumiwa sabuni. Kila nilipokaa kuandika ndiyo, mkono ulikataa. Nikasema nitaandika kesho. Kesho zikawa nyingi. Nilijua unangoja, mwanangu. Nilijua, na nikakuacha ungoje.

Juzi Mjomba, kwa jicho lake jipya, akalitazama lile gauni, akasema limepauka, kijani hakipo tena. Sikuwa nimeona. Mimi nilikuwa nikilitazama kila siku na bado naliona la kijani. Nililia sana, na nilipomaliza nikaona sina sababu ya kukufungia wewe humo ndani pamoja nami.

Oa. Nakupa ruhusa kwa mikono miwili. Mlete nimwone, nimshike huo mkono wa kushoto nimfundishe kuvuta waya, maana wewe umeshindwa. Ninaomba kitu kimoja tu, usiache kuniita Mama. Hata yeye akipenda, aniite.

Mamako

9 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mungu akulipe. Siwezi kuacha kukuita Mama, hilo usiliombe, ni kama kuniomba nisiache kupumua.

Mkurugenzi amehama. Wakubwa wake walimpa kanda yote aisimamie, na ofisi hiyo iko mji mwingine, siku nzima kwa basi. Walimwambia tangu Juni, na walitaka jibu mwisho wa Septemba. Sikukuandikia hilo. Sikutaka ufikiri huku umewekewa kisu shingoni, maana ruhusa ya namna hiyo si ruhusa. Yeye hakunisukuma pia. Mara moja tu, tukiwa tunapanga miche rafuni, aliniuliza, "Na mama yako akisema hapana, utafanya nini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Asante kwa kutonidanganya." Jumamosi iliyofuata alikuja, akamuaga kila mtu mmoja mmoja. Mpishi, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alimfungia kipande cha sabuni kwenye gazeti. Mimi alinipa mkono. Aliushika wangu muda mrefu, Mama. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa yanangoja barua.

Si kosa lako. Barua huchelewa, na watu wana kazi zao. Usilichukue hili moyoni.

Mkweo

15 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Kaa kitako usome.

Unanidanganya kwa upole, na mimi nimekuacha unidanganye tangu nikufahamu, lakini safari hii hapana. Nilisoma barua yako, nikampa Mjomba aisome kwa jicho lake, akaikunja akanirudishia. Siku ya tatu nikafunga goti kitambaa, nikavaa nguo za harusini, nikapanda basi. Kama ungekuwa mwanangu wa kuzaa, ningekuposea. Binti yangu hayupo, na wewe ni mwanangu. Nikaona posa ni kazi yangu.

Jengo lao kule nalo ni la vioo, sijui hawa watu wana nini na vioo. Mlinzi aliniuliza nina miadi. Nikamwambia, "Mwambie bosi wako mama mkwe wa mtengeneza sabuni yuko hapa chini na miguu inamuuma." Alishuka mwenyewe. Ni mrefu kuliko nilivyofikiri, na ana macho ya mtu asiyelala. Alinishika mkono kwenye ngazi, akanikalisha kwenye kiti chake yeye, akavuta kigoda akakaa chini yangu. Simu zililia, hakuzipokea.

Nikamwambia nililojia. Nikamwambia kosa ni langu, mwanangu hana hatia, arudi, au akuite uende. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalia bila sauti, kisha akasema hapana.

Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, maana sina haki ya kuyapunguza. Alisema, "Mama, sikuondoka kwa sababu ruhusa yako ilichelewa. Ningengoja hata mwaka. Niliondoka kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa nakaa na mtu aliyekuwa kwingine. Nilimuuliza ukikataa itakuwaje, akasema hajui. Nilitaka ajue. Nilitaka niwe neno lake yeye kwanza, halafu ndiyo aje akuombe. Mimi kutwa nasaini maamuzi ya watu wasiotaka kuamua. Siwezi kuwa na hilo nyumbani pia." Nikamwuliza kama bado anakupenda. Akasema hilo halijaisha na hajui litaisha lini.

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna mtu amekifanya tangu msiba. Aliniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani, huyo binti yako?" Watu huniambia pole, huniambia mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyeuliza. Nikamweleza mpaka wafanyakazi wake wakaanza kuzima taa. Nilipofika kwenye kicheko chake, alicheka na yeye. Nilirudi na basi la asubuhi bila mke wako, na nilikuwa nimempenda kama nilivyoogopa kwamba ningempenda.

Aliniomba nikukataze kumfuata. Nimemwambia sikukatazi na sikuruhusu, mdomo wangu umeshafanya kazi ya kutosha katika jambo hili. Na wewe usiniulize. Sitaki barua ya kuniuliza ufanye nini. Barua hii usiijibu kabisa. Nisipopata jibu nitajua uko njiani. Likija, nitajua umekaa mezani.

Mamako

11 Januari

Mama,

Shikamoo.

Najua ulisema nisijibu.

Nilikwenda stendi mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama dirishani, nikauliza basi linaondoka saa ngapi, nikajibiwa, nikauliza tena, mpaka watu wa nyuma wakanigombeza. Nikarudi. Mara ya pili nilikata tiketi. Nilipanda, Mama. Nilikaa siti ya dirishani, begi miguuni, nimevaa lile shati ulilonipa siku ya harusi yetu. Dereva akawasha, basi likatetemeka. Nikashika siti ya mbele kwa mikono yote miwili. Nilikuwa na neno la kumwambia, nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima: kwamba sasa najua, kwamba hata ungekataa ningemchagua yeye. Ni kweli. Ni kweli mpaka leo. Lakini kondakta alipofunga mlango nilisikia ule mlango mwingine, wa gari letu siku ya ajali, nikapiga kelele wanifungulie. Walinifungulia. Mama mmoja wa makamo alinishika begi nikishuka, akaniuliza kama nimesahau kitu nyumbani.

Nilikaa kwenye benchi mpaka basi likaondoka. Halikuwa limejaa.

Hujambo wewe? Goti lako lilipanda basi, siku nzima kwenda, siku nzima kurudi, kwa ajili yangu. Siachi kulifikiria hilo. Karakana tumefungua leo baada ya mapumziko, Mpishi anakohoa lakini hataki kukaa. Hoteli bado wanaagiza. Karatasi zao sasa zinakuja na saini ya mtu mwingine.

Kama Mjomba anaweza kubaki peke yake, njoo, Mama, ukae nami. Sina mtu wa kumweleza habari za Mkurugenzi. Wewe umemwona, na unajua anavyocheka.

Mkweo